Petroli ya Kigoma

Mbele ya mambo haya, mimi gari sikuwahi kuiharibu kwa makusudi. Mukono ulikuwa unakataa. Nilijaribu, musifikiri sikujaribu: nilishika bisibisi na hasira imenijaa mpaka kooni, nikasema leo ninaiua hii gari, na mukono ukazungusha skurubu upande wa haki. Bibi yangu wa ndoa, Bibiane, anasema ni kiburi. Sawa, iwe kiburi. Ninawaambia mapema ili musije mukaniuliza swali la kijinga, eti, "Néhémie, kwa nini haukulegeza kitu, gari ishindwe, ukaenda zako?" Wenye kuniuliza hivyo ni watu ambao hawajashika hata buji ya pikipiki.

Kwenye kitambulisho ninaitwa sitwayeni, yaani mwananchi, Lwaboshi, maana serikali ilikataza majina ya ubatizo. Lakini mama yangu alinibatiza Néhémie na Néhémie nitabaki. Mimi ni Mubembe wa kule Baraka, upande wa Fizi. Nilikuwa ninakaa Kabimba, ninatengeneza moteri za mitumbwi, na mbele ya hapo nilifanya kazi Bujumbura katika garaji ya Mugiriki mumoja. Pale njo nilijifunzia magari ya enjeksyo ya elektroniki. Huku kwetu, ukisema gari haina karbirateri, watu wanadhani umelewa.

Niwaelezee mara moja, kisha nisirudie. Gari ya karbirateri inajimiminia yenyewe bila hesabu. Gari ya enjeksyo inapimiwa. Hewa inapita katika sanduku lenye kibao ndani. Hewa inasukuma kibao, kibao kinaambia bongo ya gari hewa ni kiasi gani, na bongo inafungua enjekteri zipulize esanse ya kutosha hewa ile. Esanse njo tunaita ile ya kuendeshea gari. Sasa, kile kibao kinashikwa na resori, springi ndogo ya kujikunja, na resori inashikwa na kigurudumu cha meno. Legeza jino moja, gari inakunywa zaidi. Kaza jino moja, inakunywa kidogo. Kule kiwandani walifunika sanduku na gundi nyeusi ili watu kama mimi wasifungue. Mimi ninafungua.

Komanda Banza wa kambi ya Kalemie aliletewa gari ya namna hiyo kwa treni toka Lubumbashi, gari ya Wajerumani, milango miwili, rangi ya fedha. Ilifika inakohoa na kutoa moshi mweusi. Mafundi wa muji waliitafuta karbirateri mpaka wakachoka. Muntu mumoja akamwambia Komanda, kuna Mubembe Kabimba. Basi jeep ikaja kunitwaa, mikono yangu ingali ndani ya moteri ya muntu. "Kazi kidogo tu," soda mumoja, askari wa Komanda, aliniambia, "kesho utarudi." Bibiane alikuwa na mimba kubwa, amesimama mulangoni na mwiko mukononi. Nikamwambia na mimi vile vile: nitarudi kesho.

Kesho gani! Kufika kwenye mulango wa kambi, Komanda mwenyewe akaniomba kitambulisho. Akakitazama, akakitia katika mufuko wa shati, akafunga kifungo. "Nakuwekea," alisema, na akacheka kwa uzuri kabisa. Katika Zaire yetu hii, bila kitambulisho haupiti barieri hata moja, vizuizi vya masoda barabarani, na toka Kalemie mpaka Kabimba barieri ni nyingi kuliko visima. Usiku nikalazwa katika depo, gala nyuma ya garaji, dirisha la vyuma, mulango wa vyuma, na aliyefunga kufuli alikuwa Ajida Isidore, musimamizi wa masoda, muntu munene wa Manono, mwenye sauti kubwa na masharubu aliyoyapenda kupita bunduki yake.

Ni Ajida aliyenieleza kilichokuwa kinapikwa. Komanda alikuwa anagombania majivuno na Papa Casimir, mufanyabiashara wa samaki na vitenge. Papa Casimir alikuwa na gari ya Wamerika, ndefu, yenye karbirateri kubwa, ikinguruma avenue nzima inaamuka. Hawa wakubwa wawili walikubaliana kushindana siku ya sikukuu ya Novemba, kwenye uwanja wa ndege. Hakuna kona, hakuna kuzunguka: toka mwisho huu wa pisti, njia ya ndege, mpaka mwisho ule, na mwenye kutangulia anachukua gari ya mwenzake. Ufunguo kwa ufunguo. Kalemie nzima ilikuwa haizungumzi kingine.

Asubuhi nilimwendea Komanda akikunywa chai. "Komanda," nikasema, "bibi yangu yuko karibu kuzaa. Mutoto wetu wa kwanza alikufa akizaliwa, na mimi sikuwa pale, nilikuwa ziwani kwa moteri ya watu. Nilimwapia Bibiane, kwa huyu wa pili nitakuwa mulangoni. Ninakuomba, nitengeneze niende."

Akaweka kikombe chini. Ninasema ukweli, macho yake yalilainika. "Sitwayeni, gari ikishinda, utakuwa na bibi yako mbele ya mutoto kuzaliwa. Neno ya soda. Mimi sisemi mara mbili."

Nikamushukuru. Nilimushika mukono na mikono yangu yote miwili, mujinga mimi.

Basi nikaanza kazi. Kila asubuhi tulipeleka gari kwenye pisti, soda mumoja ananishikia bunduki mugongoni, mwingine anafukuza mbuzi. Niliondoa gundi nyeusi, nikafungua sanduku la hewa. Kumbe muntu alikwisha kupita mule ndani na mikono ya kuchimbia muhogo: resori imelegezwa mno, gari inazama katika esanse. Nikakaza jino, tukakimbia, nikatoa buji, ile inayowasha esanse kwa cheche, na kutazama rangi yake. Nyeusi, bado inakunywa mno. Nikakaza tena. Ikawa nyeupe, sasa ina kiu, ukiendelea hivyo pistoni zinayeyuka. Nikarudisha kidogo. Siku buji ilipotoka na rangi ya biskuti iliyoiva, na gari ikaondoka pale bila kukohoa, ikanisukuma kwenye kiti mpaka machozi yakaruka pembeni, nilifurahi. Ninaona haya kusema, lakini nilifurahi mpaka nikapiga mbinja, na huku kufuli inaningojea.

Shida ilibaki moja. Esanse ya Kalemie ilikuwa shenzi. Wauzaji waliichanganya na kila kitu kinachomiminika. Ukikanyaga mpaka chini, moteri inagonga, unasikia ndani kama muntu anatikisa misumari katika kopo. Nikamwambia Komanda waziwazi, mbele ya Ajida, ili neno libaki na mashahidi: na esanse hii gari haitakimbia kwa nguvu yake, na ukiilazimisha inakufa. Atafute esanse ya ng'ambo. Komanda akamwita Mama Hortense, mwenye kuvuka ziwa kila mara na mizigo ya Kigoma, akamwagiza pipa moja ya esanse safi.

Kila siku nilihesabu mimba ya Bibiane kichwani, na kila siku nilijiambia, gari hii inashinda, na mimi ninakwenda. Mpaka siku ile Mama Dorothée, bibi ya Komanda, aliponiletea ugali mwenyewe badala ya kumutuma soda. Akakaa kwenye mupira wa gari, akatazama mulango, akasema kwa sauti ndogo.

"Papa Néhémie, usiniweke katika matata. Lakini mimi pia ni mama. Komanda amekwisha kuwaambia wakubwa wake wa Kamina kwamba Pasaka atapeleka gari kule, na kisha Lubumbashi. Unafikiri nani ataitengeneza?"

"Aliniapia, Mama."

"Alikuapia nini? Alisema utatoka?"

Nikafungua mudomo. Nikarudia yale maneno ndani ya kichwa, neno kwa neno, na kweli, kutoka hakukutaja. Utakuwa na bibi yako. Njo alichosema.

"Akishinda atakuwa na magari mawili," Mama Dorothée akasema, "na wewe utakuwa na kazi mara mbili. Kula, ugali unapoa."

Sikula. Siku ile njo nilishika bisibisi nikataka kuiua gari. Nilijua namna elfu: waya moja ya joto nikiikata, bongo itadhani moteri ni baridi siku zote, itaimwagia esanse mpaka izame. Lakini nikiharibu, Komanda atajua ni mimi, maana hakuna mwingine anayegusa, na katika kambi hii kuna kasho, jela ya chini kwa chini ambayo watu wanatoka wakiwa wameregea akili. Na hata bila kasho, nimekwisha kuwaambia: mukono ulikataa. Nilikaa mbele ya moteri ile nzuri, nikalia kwa hasira, kisha nikaipangusa mavumbi. Gari ikishinda nimefungwa. Gari ikishindwa kwa mukono wangu nimekufa. Nilichoka hata kuomba.

Na Mungu akasikia bila kuombwa, au niliona vile. Muchana wa kuamukia sikukuu, pipa la Mama Hortense likafika toka bandarini juu ya mukokoteni. Komanda alikuwa Nyunzu, akitazamiwa asubuhi. Mama Hortense mwenyewe alikuwa amekwisha kushusha muzigo na kwenda kwake kulala, maana ziwa lilimutapisha njia nzima. Mimi nilikuwa nimefungiwa depo, natazama dirishani. Ajida Isidore akazunguka pipa, akainama, akasoma rangi nyeupe iliyoandikwa ubavuni.

"Pe-tro-li." Akajipiga paja. "Mawee! Mama Hortense ametupumbaza! Komanda anaagiza esanse, yeye anatuletea petroli! Gari itakunywa petroli, eh?"

Masoda wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Hapa niwaambie kitu ambacho muntu wa Manono hawezi kukijua. Huku Zaire, petroli ni mafuta ya taa, ile ya koroboi. Ya gari ni esanse. Lakini vuka ziwa, fika Kigoma: kwao petroli njo esanse yenyewe, ile ya gari, na ya koroboi wanaiita mafuta ya taa. Neno moja, ziwa moja, na kila upande una maana yake. Sisi wa ziwani tunajua. Kule Manono watajulia wapi? Mutasema, na harufu je? Kifuniko kilikuwa kimezibwa bado, na katika kiwanja kile cha garaji kila kitu kilinuka esanse, hata mukate wangu.

Nilifungua mudomo nimwambie. Kisha nikaufunga.

Maana niliona, jamani. Niliona njia yote imefunguka mbele yangu mpaka Kabimba. Kesho gari itakimbia na esanse shenzi ya Kalemie, itagonga, itashindwa. Papa Casimir atachukua ufunguo. Bila gari, Komanda ana kazi gani na fundi? Lawama itakwenda kwa pipa. Nilimuonya, kuna mashahidi, na mukono wangu haukugusa kitu! Roho yangu ilianza kuimba. Nilishika vyuma vya dirisha nikacheka peke yangu.

Ajida akafikiri, akikunjakunja masharubu. Kambi ilikuwa gizani tangu zamani, petroli ya koroboi ilikwisha kabisa muji muzima. "Basi isikae bure," akasema. "Wagawieni wake za masoda, kila mumoja chupa. Zawadi ya sikukuu. Watoto wale wakionana sura." Ajida hakuwa muntu mubaya. Njo kitu kilichoniumiza. Pipa likasukumwa kwenda upande wa nyumba za masoda, zile za majani, zimebanana ukuta kwa ukuta, na punde nikasikia vigelegele vya wamama.

Nikaacha kucheka.

Nikageuka, nikatazama ukuta. Nikajiambia, watanusa, hawana pua? Nikajiambia, labda mumoja atawasha kwanza, wengine wataona. Halafu nikafikiri ni nani atakuwa yule mumoja. Jua lilikuwa linateremka. Nikajiambia, Néhémie, fikiri mutoto wako, wacha watoto wa watu. Nilisema hivyo kwa sauti, ndani ya depo, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ilivyokuwa mbaya.

Mama Lucie, bibi ya Ajida, akapita chini ya dirisha langu na chupa imejaa mukono huu, koroboi mukono ule, mutoto mugongoni. Meno yote nje. "Fundi! Leo hatutakula wadudu! Nikuwashie na wewe kidogo, uache kulala gizani?"

"Mama Lucie, weka chini."

"Nini?"

"Weka chini! Usiwashe! Hiyo ni esanse! Mwaga!" Nikachukua chuma cha kufungulia magurudumu nikapiga vyuma vya dirisha, nikapiga, nikapaza sauti mpaka ikapasuka. "Wamama! Musiwashe! Ni esanse! Mutaungua na nyumba zenu!"

Mama Lucie aliweka chupa chini taratibu, akarudi nyuma. Ajida akaja mbio, suruali anaishika kiunoni. "Umepata kichaa? Komanda hayuko, unaanza fujo?"

"Ajida, ile petroli ni ya Kigoma. Kule petroli ni esanse."

"Petroli ni petroli! Wewe muntu wa Fizi utanifundisha kusoma?"

"Mwaga kidogo chini. Simama mbali. Tupa kiberiti."

Akanitazama kwa dharau, akamwaga kidogo muchangani kutoka katika chupa ya bibi yake. Nilimwambia asimame mbali, hakusikia. Akawasha kiberiti, akainama nacho kama muntu anayewasha sigara ya rafiki.

Wuuuf! Moto ukaruka kimo cha muntu. Ajida alianguka matako, akakaa pale amepanua macho, nusu ya masharubu imekwenda na nyusi zote. Kisha Mama Lucie akageuka, akakimbia kwenye nyumba za majani akipiga kelele ambazo sijasikia tena, "Zimeni! Rudisheni! Zimeni moto jikoni!" Wamama wakatoka na chupa mikononi, wengine wanalia, wengine wanacheka kwa hofu, wakarudisha yote katika pipa, na hakuna hata koroboi moja iliyokuwa imewashwa. Hata moja.

Ajida akaja dirishani, ananuka nywele zilizoungua. Alikuwepo nilipomuonya Komanda juu ya esanse. Alijua masharti ya gari kwa gari. Alifikiri polepole, lakini alifika.

"Ungenyamaza," akasema, "kesho ungeenda kwako."

"Najua."

"Na hakuna mwenye angekushika."

"Najua, Ajida! Nenda!"

Kisha akaangalia kama kufuli imefunga vizuri, akaenda. Nilijichukia usiku ule. Nilijitukana kwa Kibembe na kwa Kiswahili. Na kama pipa lingerudi tena, ningepiga kelele tena, njo jambo lililoniudhi kuliko yote.

Mashindano yenyewe hayana hadithi ndefu. Watu walijaa pande zote za pisti, wengine juu ya mapipa, wengine juu ya mabega. Mbele ya kuanza nilipanga kigurudumu cha meno kwa ajili ya ile esanse mupya, na mukono, shenzi huu, ulifanya kazi nzuri kuliko siku zote. Gari ya Papa Casimir ilinguruma mpaka watoto wakaziba masikio. Yetu haikusema kitu. Iliondoka tu. Katikati ya pisti ilikuwa imekwisha kumuacha, na Papa Casimir alipofika mwisho, Komanda alikuwa amekwisha kushuka, ameegemea mulango, anajipepea na kofia. Papa Casimir akatoa ufunguo wake. Komanda akaninyanyua mukono juu mbele ya watu. "Fundi yangu!" akapaza sauti. "Fundi yangu!" Watu wakapiga makofi.

"Komanda," nikasema, "neno ya soda."

"Neno ya soda," akajibu, na akaita dereva wa jeep.

Nilikimbia depo kufunga vitu vyangu. Vilikuwa shati na sabuni. Nikatoka, jeep imekwisha kwenda bila mimi. Bado nilitumaini, ninyi munaona namna muntu anavyotumaini? Nikasema labda wamekwenda kuijaza mazutu. Nikakaa juu ya kifurushi changu mbele ya garaji mpaka jua likaanza kuwa jekundu, na jeep ikarudi. Ndani yake, juu ya mufuko wa muhogo, Bibiane, mikono yote miwili imeshika tumbo. Na mukeka wetu. Na sufuria zetu. Na ile kuku yetu nyeupe imefungwa miguu.

Komanda alifurahi kweli. Alikuwa anangojea nifurahi na mimi. "Unaona? Nilikuambia utakuwa na bibi yako. Nyumba ya Kabimba nimewaambia waifunge."

Bibiane alishuka polepole. Alitazama mulango wa vyuma, akatazama dirisha la vyuma, akanitazama mimi. "Néhémie," akasema, "hii njo kesho yako?"

Nilimubebea mukeka.

Mutoto alizaliwa mule mule depo, mbele ya mwezi kuisha. Mama Lucie alikuja na wamama wa kambi, wote wale wa chupa, wakanifukuza nje, wakajaa ndani, na Bibiane alilia na wao walilia naye. Ilikuwa vigumu, nilisikia kwamba ilikuwa vigumu. Lakini walikuwa wengi na hawakuchoka, na mutoto alilia. Nilikuwa mulangoni kama nilivyoapa. Nilipiga magoti palepale kwenye mafuta meusi ya moteri, nikamushukuru Mungu, na furaha iliniuma kifuani kama maradhi. Mutoto mwanamume. Tulimwita Apollinaire, jina la baba ya Bibiane, serikali ipende isipende.

Komanda alikuja kumuona na blanketi mupya. Akamupokea vizuri, kichwa kwenye kiwiko, muntu aliyezoea watoto. Akafungua ule mukono mudogo, akanyoosha vidole kimoja kimoja.

"Angalia, angalia! Virefu hivi! Hivi ni vidole vya fundi." Akacheka, akanitazama kwa upendo, ninaapa, kwa upendo. "Usiogope kwa huyu, sitwayeni. Tutamufundisha hapa hapa. Kesho njo yeye atakayenitengenezea."

Bibiane alinyoosha mikono, akachukua mutoto wake, akamufunika vidole na blanketi.

Asubuhi iliyofuata Komanda aliamuru gari ya fedha ianze kutayarishwa kwa Kamina, Pasaka ingali mbali. Ajida alinifungulia garaji, masharubu yake yanaanza kuota upande mumoja, akasimama mulangoni na bunduki kama kila siku. Nikafungua sanduku la hewa. Nikaona kigurudumu cha meno mahali nilipokiacha mimi mwenyewe, mahali pake pa haki. Nikashika bisibisi. Mukono ukakataa.

Kule depo Apollinaire akaanza kulia njaa. Nikasubiri anyamaze. Hakunyamaza. Basi nikauambia mukono, kwa sauti, kama unavyosema na muntu mubishi: si wewe unayefungwa sasa, ni mutoto yule. Fundi mubaya hakuna anayemufungia. Na mukono ukageuka. Jino moja tu, upande usio wa haki. Uliniuma kama nimekata nyama yangu. Moja leo, na lingine kisha, polepole, mpaka Komanda aseme mwenyewe kwamba yule Mubembe akili imemuisha, mupeni kitambulisho chake aende akaue mitumbwi ya watu.

Nikawasha moteri. Ikakohoa. Kidogo sana, lakini ikakohoa, na moshi mweusi ukatoka nyuma.

Ajida akainua kichwa. Ameisikiliza gari ile kila asubuhi pamoja na mimi, anajua inavyoimba. Alitazama moshi. Akatazama bisibisi mukononi mwangu, na mimi sikuwahi kuificha. Kule depo mutoto alikuwa analia bado, na Mama Lucie anamwimbia.

Ajida akajipapasa mahali palipokuwa na masharubu.

"Itakuwa ni petroli," akasema. "Mimi muntu wa Manono, ninajua nini?" Na akageuka kutazama ziwa.